Bwana Kirkman na Ngome ya Mombasa

Kwa zaidi ya miaka 60, hadi 1958, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka wa 1593 ilikuwa gereza. Wafungwa walipoondolewa, kazi ya kuichimbua alipewa Bwana James Kirkman.

Tangu mwaka wa 1948 alikuwa akichimbua magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Huko mna kaburi lililochorwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. Na kwa mchimbuzi tarehe kama hiyo yapita dhahabu, kwani kwayo hupima umri wa vigae vilivyo kando yake.

Ngome ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1960, naye akaitunza hadi 1972. Vigae walivyovikanyaga wafungwa pasipo kujua vikawekwa mbele ya watazamaji.