Fahamu: Namna ya Kuzungumza na Wanafunzi Juu ya Akili Mnemba

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, wahadhiri wengi huipokea kila insha iliyonyooka kwa jicho la shaka, na aghalabu mazungumzo juu ya jambo hili huanza siku ya tuhuma, wakati hasira imekwisha kupanda na mwanafunzi hana la kusema ila kukana. Wakati wake hasa ni siku ya kwanza ya muhula.

Kuitumainia mitambo ya kunasa maandishi ya mashine ni kuegemea mwega uliobunguliwa: OpenAI yenyewe, iliyoiunda ChatGPT, iliuondoa wa kwake Julai 2023 kwa usahihi wake haba, na mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walidhihirisha kwamba mitambo kama hiyo, kwa wastani, ilizishutumu zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza walizozichunguza za watu wasiozaliwa na lugha hiyo, habari ambayo mwanachuo wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kuisikia kinywani mwa mwalimu wake.

Basi mhadhiri na abainishe lililo halali na lililo haramu katika somo lake, pamoja na sababu. Kisha aiulize mashine swali mbele ya darasa, wahakiki pamoja marejeo inayoyataja, ambayo pengine hayapo duniani, kwa kuwa mashine hupanga maneno kwa kukisia lifuatalo. Na kama yeye mwenyewe huitumia kutungia mitihani, akiri. Wanafunzi hawachelewi kujua.