Jiwe la kijani: shaba kiasi gani?

Mnunuzi wa mpunga wa Tindiga, wilayani Kilosa, hung'ata punje kwanza ndipo atoe fedha. Jiwe la kijani likiletwa na kuitwa shaba, mara nyingi huangaliwa rangi tu. Hapo ndipo mtaji unapopotea.

Madini hayo huitwa malakaiti. Si shaba tupu, bali ni shaba iliyoungana na kaboneti na haidroksidi, yaani Cu2CO3(OH)2. Hutokea karibu na uso wa ardhi, mbale ya shaba yenye salfa inapoharibiwa na hewa na maji yenye kaboni dioksidi. Ndani ya fuwele zake kila chembe ya shaba imezungukwa na chembe sita za oksijeni, na shaba iliyokaa hivyo ndiyo inayotoa ukijani. Azuraiti, ndugu yake wa buluu, ina viambato hivyo hivyo kwa uwiano mwingine.

Malakaiti safi ina shaba asilimia 57.5, azuraiti 55.3. Tarakimu hizi ni tamu, ila zinahusu madini safi. Kinachouzwa kwa kawaida ni mwamba wenye utando wa kijani. Tani moja ya mwamba ambao malakaiti ni sehemu moja ya kumi ina shaba kilo 57 na nusu, na kiwandani haitoki yote. Bei inayotangazwa na Soko la Metali la London ni ya shaba iliyosafishwa, kama mabamba yanayopita Mikumi kwa malori kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Anayezidisha bei hiyo kwa uzito wa jiwe anajidanganya.

Kipimo cha awali ni rahisi. Unga wa malakaiti ni kijani hafifu. Ukidondoshewa tindikali ya haidrokloriki (kwa uangalifu) hutoa povu, na msumari safi wa chuma ukichovywa humo hupata utando mwekundu wa shaba. Chokaa nayo hutoa povu, lakini msumari haubadiliki. Malakaiti safi ikichomwa sana huwa nyeusi, na kilo moja hubaki gramu 720 hivi, kwani maji na kaboni dioksidi vimetoka.

Yote hayo huonyesha kwamba shaba ipo, si kiasi chake. Kiasi hupimwa maabara, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia, Dodoma, kwa sampuli iliyochotwa pande zote za lundo. Kipande alichokichagua muuzaji hakifai. Naye aonyeshe leseni kwanza: Sheria ya Madini ya 2010 hairuhusu biashara hiyo bila leseni.