Kelele za Magari Barabarani na Wajibu wa Chama

Chama chenye lori la kukusanya maziwa hulazimika kulituma barabarani kabla ya mapambazuko, wakati ambapo watu wengi bado wamelala. Kazi hiyo haiwezi kufanyika kwa kimya kabisa, na hakuna sheria inayodai hivyo. Hata hivyo, ni makatibu wachache wanaofahamu kwamba Kenya imeweka mpaka wa kelele za magari, na kwamba mpaka huo ukivukwa, anayeweza kushtakiwa si dereva peke yake.

Msingi wa jambo hili ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo zilitangazwa, mwaka 2009, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo. Kuhusu magari, kanuni hizo zilitaja mambo matatu: gari lisitoe mlio mkubwa usio wa kawaida, lisizidi desibeli 84 linapoongeza mwendo, na honi isipigwe wakati wowote ila pale inapolazimu kuzuia ajali au tukio la hatari.

Neno desibeli linahitaji kufafanuliwa, kwani kipimo hiki hakijumlishwi kama kilo za kahawa. Malori mawili yanayotoa desibeli 80 kila moja, yakipita pamoja, hayatoi 160 bali 83 tu. Kwa upande mwingine, nyongeza ya desibeli 10 maana yake ni kwamba nguvu ya sauti imezidi mara kumi, ingawa sikio huihisi kama imezidi takriban mara mbili. Kwa hiyo lori lenye desibeli 94 halikupita mpaka kidogo, kama mtu anavyoweza kudhani kwa kutazama tarakimu. Nguvu ya sauti yake ni mara kumi ya ile iliyoruhusiwa.

Tarakimu hiyo ya 84 si ngeni katika historia ya magari. Nchi za Jumuiya ya Ulaya, zilipoweka viwango vyao vya kwanza vya pamoja mwaka 1970, ziliyaruhusu malori yenye nguvu nyingi kufikia desibeli 91. Mwaka 1984 kiwango hicho kiliteremshwa hadi 84, na mwaka 1992 hadi 80. Upimaji wao hufanywa kwa kuweka vinasa sauti mita 7.5 kutoka mstari wa katikati wa njia, kisha gari hupita dereva akiwa amekanyaga mafuta. Wanaopimwa hivyo ni magari mapya. Basi, waundaji wa malori wamejifunza tangu zamani kutengeneza injini kubwa zisizopiga kelele kupita kiasi, na lori la chama ambalo leo husikika kutoka ng'ambo ya bonde, kwa kawaida halikutoka kiwandani likiwa hivyo. Kuna kitu kilichoharibika, au kilichoharibiwa.

Mara nyingi kitu hicho ni sailensa, yaani lile pipa lililofungwa katika bomba la moshi. Moshi wa injini hutoka kwa mapigo makali, pigo moja kwa kila silinda inapojisafisha. Ndani ya sailensa mna vyumba na mabomba yenye matundu madogo madogo. Moshi ukipanuka na kuzungushwa humo, mapigo hupungua makali na mlio hufifia. Adui wake mkubwa ni kutu. Moshi hubeba mvuke wa maji, na lori linaloendeshwa safari fupi fupi halipati joto la kutosha kuukausha, hivyo maji hubaki ndani na kula bati pole pole. Malori ya vituo vya maziwa, ambayo husimama kila baada ya kilomita moja au mbili, yamo hatarini zaidi kwa sababu hiyo.

Wapo madereva wanaoikata sailensa kwa makusudi, wakiamini kwamba lori litapata nguvu ya kupanda mlima. Nguvu inayopatikana kwa lori la mizigo ni kidogo mno, na bomba lililokatwa chini ya kibanda cha dereva laweza kuingiza ndani hewa ya sumu isiyo na harufu. Aidha, kwa kosa hili mkaguzi hahitaji mita ya kupimia sauti: mlio usio wa kawaida husikika kwa masikio, na bomba lililokatwa huonekana kwa macho.

Suala la honi ni gumu zaidi kwa vyama, kwa kuwa linagusa desturi. Zipo njia ambazo dereva hupiga honi katika kila kituo ili kuwaita wenye maziwa. Nia ni njema, lakini kanuni haikuwaacha nje wakusanyaji wa maziwa. Honi ya kuita watu haizuii ajali yoyote. Dawa ni ratiba inayofuatwa, ili mkulima ajue saa ya lori bila kuitwa. Na hapa lawama si ya dereva, kwani lori lisilo na saa maalum haliwezi kukusanya maziwa bila kupiga honi.

Kanuni za 2009 ziliweka pia viwango vya maeneo. Nje ya nyumba za makazi kiwango kilikuwa desibeli 50 mchana, na 35 usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hicho cha usiku ni wastani wa saa 10 zote, na jambo hilo hubadili hesabu. Tuseme lori linasikika kwa desibeli 66 kwenye nyumba iliyo kando ya njia, kwa sekunde 10. Likipita mara moja tu usiku kucha, wastani wake haufiki 31. Likipita mara nne, kiwango kimekwisha vukwa. Lakini lori hilo likisimama uani pa kituo kwa nusu saa huku injini ikinguruma, hata kwa desibeli 60 tu, wastani wa usiku mzima hupanda hadi 47. Majirani wanaolalamikia kituo kuliko barabara hawakosei, na kuzima injini wakati wa kupakia mitungi hakugharimu chama hata senti moja. Tena huokoa mafuta.

Makatibu wanaombwa wasome kwa makini kifungu cha 145 cha sheria ile ya 1999. Kinasema kwamba kosa likitendwa na shirika, mwenye hatia ni shirika lenyewe pamoja na kila mkurugenzi au ofisa aliyejua, au aliyepaswa kujua, na ambaye hakuchukua hadhari ya kutosha kuona kwamba sheria inafuatwa. Chama cha ushirika kikisha kuandikishwa huwa ni shirika la namna hiyo.

Kwa sababu hiyo daftari la lori ni kinga au ni ushahidi. Lionyeshe tarehe sailensa ilipokaguliwa, jina la fundi, na kazi iliyofanywa. Malalamiko ya jirani nayo yaandikwe, pamoja na jibu alilopewa. Dereva akiripoti kwa maandishi kwamba sailensa imetoboka, na kamati ikaahirisha matengenezo hadi malipo ya wanachama yapite, karatasi hiyo hiyo yathibitisha kwamba kamati ilijua. Ikiwa fedha hazipo mara moja, kamati iandike katika kumbukumbu zake siku lori litakapoingia gereji, na hadi siku hiyo njia inayopita karibu na hospitali au makazi ihudumiwe na lori jingine, hata kama ni la kukodi kutoka chama jirani.