Mashine ya Alaimenti: Mpya au Iliyotumika?

Magari yabebayo pamba katika Mkoa wa Simiyu hupita njia nyingi za vumbi na makorongo kabla ya kuifikia lami ya Bariadi. Mashimo hupinda tairodi na kuchosha busha, na magurudumu huacha kuelekea mahali pamoja. Dalili yake yajulikana na kila dereva: tairi huliwa upande mmoja.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hasara hiyo. Gurudumu likipotoka nusu digrii tu kutoka uelekeo wa gari, katika kila kilometa 1 tairi hulazimishwa kwenda kando kiasi cha mita 8.7, yaani 1,000 × sini 0.5°. Katika kilometa 100 ni mita 870 za kusugua mpira bure.

Hapana budi, basi, karakana iwe na kipimo. Fundi mwenye mtaji mdogo huvutwa na mashine iliyotumika kwa sababu ya bei. Lakini mashine hii si kama jeki. Jeki ikichoka, huonekana. Kipimo kikichoka, huendelea kutoa tarakimu nzuri, na fundi akazifuata kwa uaminifu huku akiharibu magari ya watu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye majaribio matatu. Kwanza, gari moja lipimwe mara tatu, vishikio vikivuliwa na kufungwa upya. Majibu yakiachana sana, viungo vimelegea. Pili, akumbuke kuwa majibu yanayolingana si lazima yawe sahihi: saa iliyochelewa dakika 10 huchelewa vilevile kutwa nzima. Kwa hiyo, ikiwa mashine yaruhusu, kichwa cha kupimia cha kushoto kihamishiwe kulia. Kosa likihama nacho, kosa ni la kichwa. Tatu, gari ligeuzwe, mbele iwe nyuma. Kosa likibaki upande ule ule wa karakana, lawama ni ya sakafu.

Sakafu yenyewe hudharauliwa mno. Magurudumu yakiachana mita 1.5, na upande mmoja ukiwa chini kwa milimita 5, mashine ipimayo kwa kufuata timazi itakosea mwinamo wa gurudumu kwa digrii 0.19, hata ingawa ni mpya kabisa.

Tena, mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Japani, volti 100, haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na volti 230 za Tanzania.

Kwa maoni yangu, mashine iliyotumika iliyofaulu majaribio haya yafaa kuliko mpya isiyo na wa kuirekebisha. Muuzaji akikataa ijaribiwe, isinunuliwe.

Zoezi: Matairi ya mbele, yenye kipenyo cha milimita 600, yamekaribiana kwa mbele milimita 5 zaidi kuliko kwa nyuma. Kila gurudumu limeelekea ndani digrii ngapi? (Jibu: takriban 0.24.)