Jinsi ya Kumfanya Mtu Zimwi

Wenzangu wengi wadhani kwamba zimwi la mchezo hupatikana kwa rangi nyingi. Sivyo. Mimi, nipakaye nyuso za wachezaji wetu, huanza na vivuli: wanja wa penseli chini ya mashavu na kandokando ya pua, kisha podari kidogo juu ya paji. Uso hubadilika mara moja.

Unga wa kumetameta siutii kamwe. Mwaka 1938, huko Marekani, Buddy Ebsen alipakwa unga wa alumini ili awe mtu wa bati katika filamu ya The Wizard of Oz. Unga ukamwingia mapafuni, akalazwa hospitali, na nafasi yake akapewa Jack Haley. Huyu alipakwa alumini iliyokorogwa ikawa nzito, isiyopeperuka.

Mng'ao, basi, nautia katika picha. Nampiga mchezaji picha karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande mmoja. Kisha kwa kompyuta nachagua ngozi peke yake, naigeuza kijani, na vivuli navikoleza. Macho nayaangaza kidogo tu. Nikiyageuza, hata mzazi hatamtambua mwanawe katika picha tubandikayo mlangoni pa ukumbi.