Je, Wajua? Magamba Yaliyogunduliwa Kwenye Kondo la Nyuma

Je, wajua kwamba kiini cha ugonjwa mmoja wa ngozi kilianza kufichuka kwa kupima homoni za mama mjamzito, tena mama mwenye ngozi laini kabisa? Mwaka 1969, J. T. France na G. C. Liggins wa Auckland, New Zealand, walieleza kisa cha ujauzito ambao homoni yake ya estrioli ilikuwa chini mno. Enzi hizo dalili hiyo iliwatia madaktari hofu kuwa mtoto anafia tumboni. Mtoto alikuwa mzima. Kilichokosekana ni kimeng'enya kimoja cha kondo la nyuma, kiitwacho steroidi salfatesi.

Karibu miaka kumi ikapita. Ndipo mwaka 1978 watafiti wakathibitisha kuwa ukosefu wa kimeng'enya hichohicho ndio chanzo cha iktiosi ya kromosomu X, ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi iote magamba. Humpata takriban mvulana mmoja kati ya 6,000.

Kazi ya kimeng'enya hiki ni kuondoa salfeti kwenye steroidi, zikiwemo zile zinazogeuzwa kuwa estrioli. Kisipokuwepo, kondo haliwezi kutengeneza estrioli ya kutosha, na baadhi ya akina mama hupitiliza siku zao, au uchungu huanza lakini njia ikachelewa kufunguka. Kumbe anayepungukiwa ni mtoto, kwa kuwa sehemu kubwa ya kondo la nyuma ni mwili wake yeye, ingawa lawama za kuchelewa kujifungua humwangukia mama!

Kwenye ngozi, kinachorundikana ni kolesteroli salfeti. Kwa kawaida seli zilizokufa hudondoka kila siku bila sisi kuziona, baada ya protini zinazozishikamanisha kukatwa. Kolesteroli salfeti huzuia ukataji huo. Seli hubaki zimegandana, zikawa magamba makubwa ya rangi ya kahawia iliyokoza shingoni, kiwiliwili na miguuni. Viganja na nyayo husalimika. Shingo hiyo huonekana kama ya mtoto asiyeoga, na si ajabu akasuguliwa bure kwa dodoki.

Vipimo vyake navyo vina mambo. Maabara hupima nguvu ya kimeng'enya katika chembe nyeupe za damu, na kwa mgonjwa karibu hakuna kitu. Kipimo cha vinasaba hutoa jibu wazi zaidi, kwani kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 jeni yenyewe haipo kabisa. Kuna hata njia ya kutazama mafuta ya damu yanavyosafiri kwenye umeme: kolesteroli salfeti huyaongezea chaji hasi, yakakimbia kuliko kawaida. Daktari wa macho naye anaweza kukuta madoa madogo kwenye konea, yasiyopunguza uwezo wa kuona. Na usishangae mvulana akiulizwa kama ananusa vizuri. Pengo la jeni likiwa pana, huweza kumeza na jirani yake, jeni ambayo ikikosekana mtu hukosa uwezo wa kunusa na kubalehe kwake hukwama.

Hitilafu ya jeni ya iktiosi hii mvulana huipata kwa mama. Baba hawezi kumrithisha hitilafu hiyo mwanawe wa kiume, kwa sababu hampi kromosomu X. Kwa hiyo Edward Lambert, yule Mwingereza wa ngozi ya miiba ambaye habari zake zilichapishwa London mwaka 1732, hakuwa na ugonjwa huu, maana wanawe wa kiume walimfuata yeye. Kwa miaka mingi vitabu vilidai kuwa hali yake ilipita kwa wanaume tu. Mwaka 1958 watafiti Penrose na Stern walipochunguza kumbukumbu za ukoo huo, walikuta na mabinti wenye hali hiyohiyo.

Dawa ya kuirudisha jeni iliyokosekana haijapatikana. Magamba hulainishwa kwa mafuta ya kupaka yenye urea au asidi ya laktiki, na hupungua yenyewe msimu wa joto na unyevunyevu.