MOTA YA WAIPA: MASIKA HUFANYA KIFAA KIDOGO KUWA GHARAMA KUBWA

Mota ya waipa ni miongoni mwa spea ambazo wenye magari huzisahau wakati wa kiangazi na kuzikimbilia mvua zinapoanza. Kwa mfanyabiashara anayesafirisha mzigo kwa pikapu, kuharibika kwa mota hiyo katika miezi ya Machi hadi Mei maana yake ni gari kulala, kwa kuwa kuendesha bila waipa kwenye mvua ni hatari na ni kosa barabarani.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme pikapu humwachia mwenyewe faida ya Sh. 60,000 kwa siku. Ikisubiri foleni ya gereji kwa siku mbili, anapoteza Sh. 120,000 kabla hajanunua kifaa wala kumlipa fundi. Mwenye spana na saa mbili za nafasi anaweza kuiokoa fedha hiyo kwa kuifanya kazi nyumbani.

Hata hivyo, hatua ya kwanza si kununua. Wengi hununua mota wakati kilichoungua ni fyuzi ya bei ndogo. Swichi ikiwashwa na mota ikasikika inazunguka lakini waipa hazisogei, kasoro iko kwenye vyuma vinavyounganisha mota na mikono, au nati imelegea. Ikiwa kimya, ikaguliwe fyuzi kwanza, kisha ipimwe kwa taa ya majaribio kama umeme unafika kwenye plagi ya mota na kama waya wa arthi ni mzima. Umeme ukifika, arthi ikawa nzima na mota isizunguke, hapo ndipo mota inapohukumiwa.

Katika maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, mnunuzi hukuta mota mpya na zilizokwisha kutumika. Aende na mota ya zamani mkononi alinganishe plagi, matundu ya bolti na namba ya kifaa. Ajihadhari na mota iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, kwani mahali inaposimama huweza kutofautiana. Kabla ya kulipa, ijaribiwe kwa betri ya volti 12 katika spidi zote. Mara nyingi vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima swichi na kufungua waya wa hasi wa betri. Mahali mikono ya waipa inapolala kwenye kioo pawekewe alama, kisha nati zake zifunguliwe na mikono ing'olewe. Plastiki iliyo chini ya kioo ikitolewa, mota huonekana. Plagi ichomolewe na bolti zifunguliwe, ambazo katika magari mengi ya Kijapani ni za spana namba 10. Pembe ya mkono mdogo wa mota nayo iwekewe alama kabla ya kuufungua.

Kosa linalowagharimu wengi hutokea wakati wa kufunga. Mota ina swichi ya ndani inayoisimamisha mahali pamoja kila inapozimwa. Mota mpya iunganishwe kwanza kwenye plagi, waya wa betri urudishwe, mota iwashwe na kuzimwa ili isimame yenyewe mahali pake. Betri ifunguliwe tena, ndipo mkono mdogo ufungwe kwa kufuata alama. Asiyefanya hivyo hukuta waipa zikisimama katikati ya kioo au zikigonga fremu. Vidole visiwe karibu na vyuma hivyo umeme ukiwapo, na kioo kiloweshwe maji kabla ya jaribio la mwisho.

Kwa upande wa wauzaji, somo ni la mtaji. Mota zilizojazwa dukani mwezi Juni zitafunga fedha hadi vuli ya Oktoba. Ni busara kuweka chache za magari yanayoonekana zaidi mtaani, pamoja na fyuzi na mipira ya waipa ambayo huzunguka haraka. Naye mwenye gari anashauriwa kuijaribu waipa yake Februari, kabla ya kila mtu kuulizia kifaa kile kile kwa wakati mmoja.